Kamba Iliyompima Dieumerci

Asubuhi katika lupango la Dominique, yaani ua wa nyumba yake, kule Naviundu, huanza kwa kelele za ndoo. Christiane huamka wa kwanza. Huwasha makala katika mbabula, jiko lao la mkaa, huweka maji ya chai, kisha hupanga samaki wakavu kwenye beseni la kwenda nalo sokoni. Mume wake, Dominique, hunywa chai akiwa amesimama. Yeye ni mchomeleaji wa vyuma. Anatengeneza milango na madirisha katika karakana ndogo karibu na mto.

Mama yake Dominique hukaa kibarazani na mtoto mchanga, Dieumerci. Bibi huyo anaitwa Kaku Ntumba. "Kaku" ndivyo watu wa Kasai wanavyomwita babu au bibi. Kaku Ntumba alihamia Lubumbashi zamani, akiwa msichana. Miguu yake ilisafiri, lakini macho yake yalibaki kwao. Bado anaangalia mambo kama walivyoyaangalia wazee wake.

Kiki ni dada yake Dieumerci. Ana miaka mitano. Mama yake akienda sokoni, Kiki hucheza kwa jirani, Mama Rehema. Rehema ni mwalimu wa watoto wadogo, anawafunza hapo hapo nyumbani kwake, na familia yake ilitoka Maniema. Mume wake, Zakari, ni seremala. Anatengeneza vitanda, viti na meza. Anatengeneza pia masanduku ya kuzikia wafu. Hakuna aliyeona ubaya. Anayezaliwa anahitaji seremala, na anayekufa vilevile.

Asubuhi moja, mama yake akiwa bado jikoni, Kiki alichora duara kwa kipande cha makala kwenye saruji ya kibaraza. Akaweka mawe ndani yake, moja moja, polepole. Jiwe moja lilikuwa la kijani, kama yale yanayodondoka barabarani kutoka kwenye malori ya madini.

"Unafanya nini hapo?" Kaku aliuliza.

"Napanga bantu ya nyumba, Kaku. Hii ni we. Hii ni Mama. Hii ni miye. Hii kadogo ni Dieumerci. Hii ya kijani ni Papa."

Dominique alipita, akambusu Kiki kichwani, akatoka kwenda kazini. Kiki akachukua lile jiwe la kijani. Akaliweka nje ya duara.

"Papa ametoka," alisema. "Tulikuwa batano. Tunabakia bane."

"Nyamaza!" Kaku alisema kwa sauti kali. "Bantu habahesabiwe! Nani alikufunza hii?"

"Mama Rehema."

Kaku akainama. Aliangalia lile jiwe la kijani lililokaa nje peke yake. Kwao, mtu hahesabiwi. Ukimhesabu mtu, ni kama unamnyooshea kidole ili kifo kimwone. Na mtoto huyu hakuhesabu tu. Alimtoa baba yake.

Mchana, Kiki akiwa amerudi kutoka kwa Mama Rehema na Christiane akiwa bado sokoni, pikipiki iliingia lupangoni. Dominique alikuwa nyuma, mguu umefungwa kitambaa chenye damu. Mlango wa chuma ulikuwa umemwangukia karakanani. Nyuma ya pikipiki alikuja Mama Hortense akikimbia. Hortense anauza mikate njia panda, mbele ya karakana. Mikate anaiuza. Habari anazigawa bure.

"Kaku, pole sana! Mulango muzima, kwa mguu!"

Kaku alimvuta mkono, akamwambia kwa sauti ya chini: "Nilimuona. Kwa macho yangu. Alitoa jiwe ya baba yake."

"Nani?"

Kaku alinyoosha mdomo kuelekea kwa Kiki. Mtoto alikuwa amechuchumaa. Alikuwa analirudisha jiwe la kijani ndani ya duara, akitabasamu, kwa sababu Papa amerudi.

Hortense alishika kifua. "Yesu!"

Uvumi hauna mguu, lakini hufika kabla yako. Jioni hiyo wanawake waliokuwa wakinunua mikate walikuwa wanajua. Siku iliyofuata waliokuwa hawanunui walijua pia. Christiane akipita, mazungumzo yalikatika. Akisalimu, walijibu haraka mno.

Na Christiane mwenyewe? Alianza kumtazama mtoto wake kama mtu anavyotazama maji ya kisima asichokijua. Alimwona Kiki akitenga maharagwe, mekundu huku, meupe huku. Kwa nini? Alimwona akipanga viatu vyote mlangoni, kutoka kirefu mpaka kifupi. Kwa nini? Alimsikia akiita namba kwa sauti ndogo alipokuwa peke yake. Alikuwa anaongea na nani?

Halafu ikaja ile kamba.

Dieumerci alikuwa amelala kwenye mkeka. Kiki alipiga magoti kando yake. Akaweka ncha ya kamba kwenye utosi wa mtoto. Akaivuta taratibu mpaka kwenye kisigino. Akafunga fundo.

Kaku alipiga kelele iliyoamsha mbwa wa jirani.

Kila mtu mtaani anajua nani hupimwa hivyo. Mtu aliyelala, kutoka utosini mpaka kisiginoni, kwa kamba. Hupimwa hivyo yule ambaye hataamka. Seremala anakuja, anapima, anakwenda kukata mbao.

Kaku alimnyakua mtoto mchanga. Christiane alikuja mbio kutoka jikoni. Dominique alijikokota kwa fimbo.

"Alimupima!" Kaku alilia. "Alimupima mutoto ya bantu kama maiti!"

"Kiki," Christiane alisema, akichuchumaa mbele yake, "nani alikuambia upime?"

"Mama Rehema alisema tupime bintu ya nyumba."

Hortense alikuwa amekwisha kufika, kwa maana kelele kwake ni mwaliko. Akapiga makofi mara moja.

"Sasa munaona! Bwana anafanya masanduku. Bibi anatafuta benye kulala ndani. Na mutoto yenu ndiye anabeba kipimo!"

Hakuna aliyecheka.

"Kuko pasta moja kule Ruashi," Hortense aliendelea. "Anatoa mambo kama haya. Mutoto anabakia kule, hakuli, hakunywi, mpaka pepo inatoka. Nitamuuliza anipe siku."

"Muulize," Kaku alisema.

Christiane alimtazama mume wake. "Papa Kiki?"

Dominique aliangalia mguu wake. Aliangalia fimbo yake. "Mama amesema," alijibu, na hakuinua macho.

Basi jambo lilikuwa hilo. Mtoto wa miaka mitano alikuwa anangoja kupelekwa mahali ambapo angefungiwa bila chakula wala maji. Na yeye hakujua. Alikuwa anatafuta kamba yake, ambayo Kaku alikuwa ameitupa motoni.

Kesho yake Christiane hakwenda sokoni. Alimwacha Kiki na baba yake, akaenda kwa Rehema. Hakubisha. Alisimama nje ya ukuta wa matofali, akasikiliza. Watoto walikuwa wanaimba:

Jiwe moja limekaa,
la pili likasogea,
la tatu likashangaa:
nani tena atokea?

Christiane alirudia mstari ule kimoyomoyo. Nani tena atokea? Wimbo gani huu wa kuwafunza watoto?

"Mama Kiki!" Rehema alimwona kupitia mlango. "Mbona unasimama huko kama mupolisi? Ingia."

"Sikuje kukaa. Nilikuja kuuliza."

"Uliza basi."

"Unafunza mutoto yangu nini?"

"Hesabu."

"Hesabu inaandikwaka mu kaye, mu kitabu, na kalamu. Haiko mu mawe. Haiko mu kamba." Christiane alivuta pumzi. Kisha akayatoa yote: jiwe la kijani, mlango wa chuma, Dieumerci kwenye mkeka, pasta wa Ruashi. "Sema kweli, Mama Rehema. Bantu banasema bwana yako anatafuta watu ya kuweka mu masanduku yake."

Uso wa Rehema ulibadilika. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ngumu.

"Ulinunua kitanda yako wapi?"

"Kwa Zakari."

"Ulilala ndani, ukakufwa?"

"Hapana."

"Basi usiniletee hiyo neno kwa mulango yangu."

Wanawake wawili walitazamana. Rehema ndiye aliyeshusha mabega kwanza, kwa sababu alikumbuka pasta wa Ruashi.

"Kaa, Mama Kiki. Hapana juu yangu. Juu ya mutoto. Nikuulize. Mbele Kiki hajaanza kuja hapa, alijua kuhesabia?"

"Alijua sana! Mpaka makumi mbili. Baba yake alimufunza. Alikuwa anaimba mbele ya bageni."

"Ukimuambia, Kiki, niletee bijiko ine?"

Christiane akakaa. Alikumbuka. Kiki alikuwa analeta vijiko vyote. Au kimoja. Aliimba mpaka ishirini, lakini hakujua nne ni nini.

"Unaona," Rehema alisema. "Alikuwa na wimbo ya namba. Hakukuwa na namba. Mutoto mudogo anafikiri na mikono. Akigusa jiwe, anasema moja. Akigusa ingine, anasema mbili. Akitoa moja, anaona ile inabakia. Siku moja mwalimu ataandika tano kwa ubao, na yeye atajua tano iko na uzito gani. Ule ambaye hakugusa kitu atakariri tu kama kasuku, na ataogopa hesabu mpaka uzee."

"Na kutenga maharagwe? Na kupanga viatu?"

"Kutenga ni kujua bintu gani binafanana. Kupanga ni kujua gani ni refu, gani ni fupi. Hii yote ni hesabu, Mama Kiki. Inaanza hapo."

"Na kamba?"

Rehema aliinamisha kichwa.

"Hapo nilikosa. Nilisema mupime bintu ya nyumba. Meza, dirisha, mulango. Sikuwaza muntu. Na kosa ya kupita zote, sikuita bazazi, baba na mama, niwaambie. Mutoto amerudi na muchezo, ninyi mumeona mawe tu."

Christiane alikuwa bado na shaka. Mtu mwongo pia anaweza kukiri kosa dogo ili afiche kubwa. Lakini jambo la vijiko lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli, na Rehema hakuwepo kuliona.

"Kuja kwetu," alisema. "Sema hayo mbele ya Kaku. Ukiweza."

Rehema alipoingia lupangoni, Kaku alimfunika Dieumerci kwa kitenge kichwa mpaka miguu, kana kwamba macho ya mgeni ni mvua. Dominique alitoa kiti. Kaku akakitazama kiti kile kama anakihurumia.

"Yambo, Kaku," Rehema alisema.

"Yambo ni ya bantu bazuri."

"Basi nipe nusu."

Dominique alikohoa kuficha kicheko. Kaku hakucheka.

Rehema hakuanza kuhubiri. Alimwambia Dominique: "Papa Kiki, bote mumesema juu ya mutoto. Nani alimuuliza?"

Walitazamana. Ilikuwa kweli. Walimtazama, walimvizia, walimtangaza mtaa mzima. Hakuna aliyemuuliza.

Dominique alimwita Kiki, akamkalisha kwenye goti la mguu mzima.

"Kiki, juu ya sababu gani ulitoa jiwe yangu?"

"Juu ulitoka," Kiki alisema, akishangaa kwamba mtu mzima hajui jambo hilo. "Ukitoka, natoa. Ukirudi, narudisha. Nilirudisha, Papa! Haukuona?"

"Na kamba?" Kaku aliuliza kutoka mlangoni. "Juu ya nini ulimupima mudogo yako?"

"Juu ya kitanda. Mama alisema Dieumerci anakomaa, miguu itagusa mbao. Papa Zakari anapimaka na kamba. Nilitaka kumupelekea urefu." Midomo yake ilianza kutetemeka. "Lakini Kaku alichoma."

Dominique alikuwa anasugua fimbo yake kwa kidole.

"Mama," alisema hatimaye. "Ule mulango haukuangushwa na jiwe. Miye sikuufunga. Niliuegemeza kwa ukuta, nikageuka. Na nilikuwa na sandali. Boti zangu, viatu vya kazi, zilikuwa karibu, lakini joto ilikuwa mingi."

"Na haukusema?" Christiane alisimama.

"Mulianza kusema ni Kiki. Hakuna muntu aliniuliza tena juu ya boti."

"Ukakubali mutoto yako apelekwe Ruashi, juu ya kuona haya ya sandali?"

Kuna mambo ambayo mwanamume hawezi kuyachomelea. Dominique alimkumbatia Kiki, na mtoto akamfuta uso kwa mkono wenye vumbi.

Kaku akafunua uso wa Dieumerci, kwa maana mtoto alikuwa anatoka jasho.

"Sikilizeni," alisema. "Sijaamini yote. Lakini njaa haitafunza huyu mutoto kitu. Ataendelea na michezo yake. Niko na sheria zangu. Sahani, hesabia. Bijiko, hesabia. Maharagwe, hesabia mpaka uchoke. Bantu, hapana. Mu nyumba hii muntu hahesabiwe, hapimwe amelala."

"Nimekubali, Kaku," Rehema alisema. "Na miye niongeze moja. Mawe madogo na maharagwe bibaki mbali na Dieumerci. Mutoto mudogo anaweka yote mu kinywa, anaweza kuzibwa pumuzi. Hiyo ndiyo hatari ya kweli hapa. Tumia bifuniko bya chupa, bikubwa, na muntu mukubwa akae karibu."

Kaku alimtazama kwa mara ya kwanza bila kukunja uso. "Hiyo ni neno."

Tangu siku hiyo, nyumba ile ilibadilika, ila si kwa ghafla. Kitanda kipya cha Dieumerci kilipimwa kwa kamba, lakini kamba ililala juu ya kitanda cha zamani, si juu ya mtoto. Christiane alimpa Kiki kazi ya samaki: wakubwa huku, wadogo huku. Dominique alimletea vipande vya chuma vilivyolainishwa kingo, pembe tatu, pembe nne, duara, na Kiki akatafuta maumbo hayo nyumbani. Dirisha likawa pembe nne. Sufuria ikawa duara. Akikosea, hawakumpiga wala kumcheka. Walimwambia, "Gusa tena," naye aligusa tena. Akichoka, waliacha. Mchezo ukigeuka adhabu, mtoto hukimbia hesabu kama anavyokimbia sindano.

Kaku alitazama haya yote kutoka mlangoni, jicho moja limefumbwa. Alikuwa anangoja kosa.

Siku moja Christiane alitarajia wageni. Kaku ndiye mwenye kupima unga wa bukari, ugali wao, katika nyumba hiyo. Unga wa mahindi kopo mbili, unga wa muhogo kopo moja. Hivyo alifundishwa na mama yake, na hakuwahi kubadilisha.

"Leo bageni ni wengi," alisema, akimtega Kiki. "Naweka mahindi kopo ine. Muhogo ngapi, mwalimu?"

Kiki hakujibu haraka. Alikwenda kuleta vifuniko vya chupa. Akapanga viwili vyekundu, na cheupe kimoja chini yake. Akaacha nafasi. Akapanga tena viwili vyekundu na cheupe kimoja. Akagusa vyekundu: vinne. Akagusa vyeupe.

"Mbili, Kaku."

Kaku aliangalia vifuniko. Maisha yake yote alipima kwa mikono, na mikono yake ilijua. Lakini hakuwahi kuona kwa macho kile ambacho mikono yake ilikuwa inakijua.

"Wacha tuone kama mwiko itakubali," alisema, akamimina.

Alisonga kwa nguvu, akimvizia yule mtoto kwa pembeni. Bukari likaiva, likashikamana vizuri, halikuwa gumu wala halikuteleza. Kaku alimega tonge, akalisokota, akalitafuna polepole. Akamega lingine, akampa Kiki mkononi.

"Kula. Uliipima wewe."

Wageni walikuwa bado njiani Hortense alipoingia; hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba safari ya Ruashi imeachwa. Alikuwa amevaa nguo za kanisa na amebeba mkoba. Hakupiga hodi.

"Kaku, nilikuja mbio! Pasta amepata nafasi. Ni leo. Mumuvalishe mutoto, gari iko njia panda."

Christiane alisimama mbele ya Kiki. Dominique aliweka chini fimbo yake. Lakini Kaku alikuwa wa kwanza kufika mlangoni, unga umemjaa mikononi mpaka kwenye viwiko.

"Rudi umuambie pasta asingojee," alisema.

"Kaku! Ni weye ulisema! Ulimuona kwa macho yako!"

"Niliona jiwe. Sikuona mutoto." Kaku alijipangusa mikono kwa kitenge. "Na weye, Hortense, mulango ilimuangukia mutoto yangu Dominique mbele ya karakana yote. Ulikuwa kule. Uliona miguu yake. Alikuwa na boti ao sandali?"

Hortense alivuta mkoba kifuani. "Sandali," alisema kwa sauti ndogo.

"Na haukugawa hiyo habari bure?"

Hortense aliangalia mlangoni, kisha akaangalia sufuria. Harufu ya samaki na bukari ilikuwa imejaa kibarazani. Kiki alitokeza kichwa kando ya sketi ya mama yake, akiwa na sahani mkononi.

"Mama Hortense, unabakia kukula? Niongeze moja?"

Mwanamke aliitazama sahani ile kama mtu anayetazama shimo. Akamtazama mtoto. Alitaka kukimbia, na alitaka kukaa, na njaa yake haikumsaidia kuchagua.

"Mujibu mutoto," Kaku alisema. "Kazi yake haingojei."

Hortense aliweka mkoba chini.

"Ongeza," alisema.

Kiki aliweka sahani chini, mbele yake, na akaenda kutafuta kijiko.